Mbwa wako ana viroboto? Anza na banda, kisha uje kwenye minyoo

Chausiku ni mbwa wetu wa kienyeji, jike, mweusi tii isipokuwa ncha ya mkia. Tunaishi Kihonda, Morogoro. Alipozaa mara ya kwanza alileta watoto sita, na kufika wiki ya nne walikuwa wamebaki wawili. Si kwamba niliwatelekeza. Nilikuwa nikiwapaka mafuta ya taa kwa kitambaa kama jirani alivyonielekeza, nikiwatwangia mbegu za maboga na kuwatilia kwenye uji, na nilipoona matumbo yamejaa nikadhani wameshiba. Siku daktari wa mifugo alipofika, kijana mdogo tu, alimwinua mmoja mkononi, akampandisha mdomo wa juu kwa kidole gumba.

"Mama, tazama ufizi huu."

Ulikuwa mweupe kama karatasi.

"Damu imekwisha. Viroboto wananyonya nje, minyoo ya safura inanyonya ndani. Ukitibu upande mmoja, huyu hutampata."

Tangu siku hiyo sijatenganisha viroboto na minyoo, na haya ninayoandika ni yale ninayofanya mwenyewe nyumbani. Mengi ni ya asili na ya bei ndogo. Mahali ambapo cha asili hakitoshi nitasema wazi, kwa sababu nilipoteza watoto wanne nikitumaini kitatosha.

Kwanza hakikisha ni viroboto

Mbwa anayejikuna si lazima awe na viroboto. Anaweza kuwa na upele, kupe, au chawa. Mlaze ubavu, upanue manyoya penye shina la mkia, tumboni karibu na mapaja, na nyuma ya masikio. Utaona punje nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Zichukue kidogo uziweke juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji, ubonyeze kwa kidole. Ukiona alama ya wekundu wa kutu inasambaa, hiyo ni damu ya mbwa wako iliyopita kwenye tumbo la kiroboto. Uchafu wa kawaida haubadiliki rangi.

Ukishaona hivyo, jua kwamba hao unaowaona mwilini ni sehemu ndogo mno. Katika kila mia, watano hivi ndio wakubwa walio juu ya mbwa. Waliobaki ni mayai, mabuu na vifuko, na hao hawako kwa mbwa, wako pale anapolala. Jike mmoja hutaga hadi mayai 40 kwa siku. Mayai hayo hayanati kwenye manyoya. Huteleza na kudondoka chini, mbwa akijitikisa tu yanamwagika kama chumvi. Yakianguliwa, mabuu hukimbia mwanga na kuingia kwenye nyufa, chini ya gunia, chini ya kochi, na huko hula zile punje nyeusi za damu kavu. Kisha hujisokotea kifuko chenye kunata kinachojipaka vumbi hata usikione.

Kifuko hicho ndicho kinachowashinda watu. Kiroboto aliyemo ndani anaweza kungoja miezi, mpaka asikie mtikisiko wa miguu, joto la mwili na pumzi. Mwaka mmoja tulifunga nyumba wiki tatu tukaenda Ifakara kwenye msiba, Chausiku tukampeleka kwa mdogo wangu. Tuliporudi, mwanangu alitangulia kuingia sebuleni, na kabla sijashusha mizigo nikamsikia analia. Soksi zake nyeupe za shule zilikuwa na madoa meusi yanayoruka mpaka magotini. Wote walikuwa wamekaa wanatusubiri.

Ndiyo maana kazi ya viroboto haiishi kwa siku moja. Panga wiki sita mfululizo angalau, bila kuruka hata wiki moja.

Banda na mahali anapolala

Mimi nimeitenga Jumamosi asubuhi. Matandiko ya Chausiku ni magunia mawili na kitenge kikuukuu. Magunia yakichakaa nayachoma, sina huruma nayo. Kitenge nakichemsha kwenye sufuria kubwa ya nje. Kisha nafagia banda kuanzia juu kuja chini, kila ufa kati ya mbao naupitisha kijiti, na takataka zile sizirushi pembeni bali nazitia motoni palepale. Ukizitupa nyuma ya nyumba umewahamisha tu.

Baada ya kufagia namimina maji yanayotokota, yenye sabuni kidogo, kwenye nyufa na pembe zote. Mbwa na watoto wawe mbali. Halafu banda nalipindua, tumbo lake litazame jua kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Mabuu hayawezi ukavu wala jua kali. Kama banda lako ni la kujengea lisilopinduka, ondoa bati moja siku hiyo jua liingie. Kwa maoni yangu jua ndiyo dawa inayodharauliwa kuliko zote, na halina bei.

Ndani ya nyumba ni hivyohivyo. Vuta kochi, kung'uta mikeka, toa magodoro juani. Wenye zulia wapige ufagio mgumu kila siku mbili, kwa sababu mtikisiko ule huwatoa viroboto kwenye vifuko, na wakishatoka unaweza kuwaua.

Kwenye banda kavu nyunyiza unga wa pareto. Pareto ni ua, tunalilima sisi wenyewe nyanda za juu kusini, Iringa, Njombe na Mbeya, na kiwanda kiko Mafinga. Lile ua lina sumu inayoshika mishipa ya fahamu ya wadudu na kuwaangusha haraka. Mambo matatu uyajue. La kwanza, jua huiharibu sumu hiyo, kwa hiyo nyunyiza jioni, sehemu za ndani zenye kivuli, usiimwage uani saa sita mchana ukasema haifanyi kazi. La pili, huua nyuki na samaki, isifike kwenye mizinga wala bwawa. La tatu, soma pakiti. Baadhi ya unga unaouzwa kama wa pareto umechanganywa na dawa za kiwandani za ukoo wake, na mojawapo, pemethrini, huua paka. Kama una paka ndani ya nyumba na pakiti haisemi kwamba inafaa kwa paka, irudishe dukani.

Majivu nayo? Bibi yangu alikuwa akiyamwaga kwenye banda la kuku na mimi huyamwaga kwenye sakafu ya banda la mbwa, makavu kabisa, nayafagia baada ya siku mbili. Yanasaidia kukausha. Lakini usimpake mbwa majivu mwilini, kwa maana yakilowa yanachoma ngozi, hasa iliyokwisha kukunwa ikawa mbichi.

Kumwogesha

Hapa watu wanatafuta mti wa ajabu, na dawa wanayo kwenye beseni la vyombo. Sabuni. Kiroboto kwenye maji matupu huelea na kuogelea, lakini maji yakiwa na sabuni huzama akafa. Kinachotakiwa ni mpangilio.

Usianze mgongoni. Ukianza mgongoni wote watakimbilia kichwani, wataingia masikioni na kuzunguka macho, na hapo huwezi kupaka povu. Loanisha shingo kwanza, paka povu zito shingoni kama unamvisha mkufu mnene, mzunguko mzima. Mkufu huo ndio ukuta. Kisha shuka mabega, mgongo, tumbo, mapaja, na shina la mkia usugue sana. Acha povu dakika tano hadi kumi huku unamshika na kuzungumza naye. Kichwani tumia kitana kile cha meno yaliyobanana, cha chawa, uwachane mmoja mmoja na kila mara ukitumbukize kwenye kopo la maji ya sabuni. Chana hata baada ya kuosha. Mimi huchana kila jioni wakati wa kusubiri wali uive, robo saa tu, na kitana hicho kimenifanyia kazi kuliko chupa nyingi nilizowahi kununua.

Baada ya kumsuuza vizuri ndipo naleta mwarobaini. Konzi nne za majani mabichi, maji lita tano, chemsha dakika ishirini, acha mpaka asubuhi, chuja. Maji yatakuwa ya kijani iliyofifia na harufu kali ya uchungu. Nammwagia mwilini kuanzia shingoni kwenda nyuma, si usoni, na sisuuzi tena. Namkalisha kivulini mpaka akauke, namzuia kujilamba. Mara moja kwa wiki inatosha. Mwarobaini hauwaangushi viroboto palepale. Unawachukiza na kuvuruga ukuaji wao, basi. Mtu anayekwambia unamaliza viroboto kwa mwarobaini peke yake hajawahi kuishi na mbwa watatu wakati wa masika.

Mara ya kwanza jaribu kwenye paja la ndani, ngoja siku nzima uone kama ngozi inawasha au kuwa nyekundu. Usimwogeshe kwa mwarobaini mbwa mwenye mimba, wala mtoto aliye chini ya miezi mitatu, na usimnyweshe mbwa yeyote. Watoto wadogo nawaogesha kwa maji vuguvugu na sabuni laini ya watoto, haraka, nawakausha kwa taulo mpaka wakauke hasa, kisha kitana.

Usiku weka beseni pana la maji yenye sabuni sakafuni na taa juu yake kiasi cha shibiri moja. Viroboto hurukia mwanga na joto wakazama. Beseni haliwezi kuwamaliza, lakini asubuhi utahesabu na kujua unaendeleaje. Wiki ya kwanza nilihesabu 31, wiki ya tano wawili.

Vitu nisivyotaka kuviona karibu na mbwa

Mafuta ya taa. Yanababua ngozi, mbwa akijilamba yanamwingia, na mvuke wake unaharibu mapafu. Nilifanya kosa hilo kwa watoto wa wiki tatu na bado linaniuma.

Tumbaku na ugoro. Nikotini ni sumu kwa mbwa, kidogo tu hutosha kumtetemesha na kumtapisha, na kwa mtoto huua.

Kitunguu saumu. Hiki kinaenea kila mahali kama dawa ya asili, ya viroboto na ya minyoo pia. Kitunguu saumu na kitunguu maji huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Sasa fikiria mbwa aliyekwisha nyonywa damu nje na ndani, halafu wewe unamvunjia ile iliyobaki.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile inayopimwa kwa makadirio ya kifuniko cha chupa. Vipimo vya ng'ombe si vya mbwa. Usikadirie.

Kiroboto ndiye anayeleta tegu

Siku moja utaona nyuma ya mbwa wako, penye manyoya chini ya mkia, vitu kama punje za mchele. Vikiwa vibichi vinajikunja na kujinyoosha. Vikikauka vinafanana na mbegu za tango. Hivyo ni vipande vya tegu, mnyoo bapa mrefu wa utumboni, na kila kipande ni mfuko wa mayai.

Mayai hayo yakidondoka kwenye banda huliwa na buu la kiroboto. Buu likikua na kuwa kiroboto, mdudu wa tegu yumo ndani yake. Mbwa anajikuna, anajing'ata, anameza kiroboto, na baada ya wiki tatu hivi tegu ameshakomaa na kuanza kuangusha vipande. Ukimpa mbwa dawa ya minyoo leo na kuacha viroboto bandani, mwezi ujao utakuta punje zilezile. Mtoto wa binadamu naye akimeza kiroboto kwa bahati mbaya anapata tegu huyohuyo.

Minyoo mingine haihitaji kiroboto. Minyoo mviringo mtoto wa mbwa huzaliwa nao, wanapita tumboni mwa mama na kwenye maziwa. Ndio wanaomfanya awe na tumbo kama ngoma na mgongo wa mifupa. Safura hupita kwenye maziwa pia, na hupenya ngozi ya miguu kutoka kwenye udongo wenye unyevu. Dalili yake ni ufizi mweupe na kinyesi cheusi kama lami.

Mbegu, na ukweli wake

Mbegu za maboga, mbegu za papai, karoti iliyokwaruzwa. Nilizitumia zote. Baada ya vifo vile nilichukua kinyesi cha Chausiku, niliyekuwa nimempa mbegu za maboga zilizotwangwa siku kumi mfululizo, nikakipeleka kupimwa. Mtaalamu aliniita nitazame mwenyewe kwenye darubini. Mayai ya safura yalikuwa yametapakaa, ya mviringo, ngozi nyembamba kama kioo.

Mbegu za maboga hazimdhuru mbwa. Ukitaka mpe, ni chakula. Lakini usizihesabu kama tiba, na usimsubirishe mtoto wa mbwa wiki mbili ukijaribu. Mtoto mwenye safura anaweza kufa kabla hujamaliza kilo ya mbegu.

Minyoo watoke kwa dawa. Kwa tegu ni prazikwanteli, na dawa ya minyoo mviringo peke yake haimgusi tegu, uliza dukani kabla ya kulipa. Kwa minyoo mviringo na safura kuna piranteli na fenbendazoli. Mtoto wa mbwa huanza akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka afike miezi mitatu, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, na mama anapewa pamoja nao. Mkubwa ni kila miezi mitatu. Pima uzito kwanza. Panda mizani umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Vidonge vya albendazoli vya watu uache, vinaweza kudhoofisha uboho wa mbwa. Na ile ya kunywesha mbuzi yenye levamizoli, tofauti ya kipimo cha tiba na cha sumu kwa mbwa ni ndogo sana, usiiguse.

Asili inarudi hapa, kwenye kuzuia

Kinyesi kizolewe kila siku. Kila siku, kwa sababu safura kwenye udongo wenye joto na unyevu huwa tayari kumwingia mtu au mbwa kwa muda wa wiki moja, na mayai ya minyoo mviringo huchukua wiki mbili au zaidi. Ukizoa leo umewawahi wote. Mimi nina jembe dogo na kopo la rangi lenye mfuniko, kinaenda chooni kwenye shimo. Kisiende bustanini kwenye mchicha. Mayai ya minyoo mviringo yakishaingia udongoni hukaa miaka.

Mchanga wenye kivuli na unyevu ndio safura hupenda. Punguza matawi jua lifike, hamisha bomba linalovuja. Watoto wavae ndala uani, wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na fundi ajengaye afunike rundo lake la mchanga usiku, maana mbwa wote wa mtaa hujisaidia pale. Mtoto wa jirani yangu alipata mistari myekundu inayotambaa mguuni baada ya kucheza kwenye rundo kama hilo. Ilikuwa safura ya mbwa iliyopotea njia ndani ya ngozi ya mtu.

Na utumbo, mapafu wala maini ya machinjioni usimpe mbichi. Mapafu na maini ya mbuzi au kondoo yakiwa na vifuko vya maji, mbwa hupata aina ya tegu mdogo sana, wa milimita chache, usiyeweza kumwona kinyesini. Mayai yake yakimwingia binadamu huota vifuko vile vile kwenye ini na mapafu, na tiba yake mara nyingi ni upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu umetesa watu kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1980 AMREF, shirika la afya la Afrika, waliendesha huko kazi kubwa ya kuudhibiti, mbwa wakiwa sehemu ya kazi hiyo. Vichemshe vyote nusu saa tangu maji yaanze kutokota. Ukiona kifuko cha maji, kizike chini sana au ukichome.

Ukimkuta mbwa mwenye ufizi mweupe, anayelala bila kuinua kichwa, au mtoto anayekataa kunyonya, acha beseni, acha majani, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Sisi wa Morogoro tuna bahati, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinachofundisha madaktari wa mifugo, kiko hapa. Pengine popote muulize afisa mifugo wa kata.

Chausiku amezaa tena, safari hii watano. Kesho wanatimiza siku 14. Jioni hii nimewapima mmoja mmoja kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli la plastiki, na aliye mdogo kuliko wote ana gramu 640. Dawa iko juu ya kabati pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano, nimeshalichemsha. Niliwapandisha midomo wote watano kwenye mwanga wa dirisha. Fizi zao ni za waridi.